Vyuma, sahani na daftari: mwongozo kamili wa kuepuka makosa ya mazoezi ya nguvu

Jimu yangu ya kwanza ilikuwa uani kwa mtu, Tandika, Dar es Salaam, chini ya mwembe. Vyuma vyenyewe vilikuwa gia za magari mabovu, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na bomba la maji lililopinda katikati kwa kubebeshwa kupita kiasi. Nilikwenda jioni nne kwa wiki, miaka miwili mizima, na mashati yangu yakaendelea kunikaa vilevile. Siku moja muuza mkaa wa jirani akatuazima mzani wake wa kuning'iniza. Tukapima zile dambeli mbili tulizoziita "za kilo kumi na mbili". Moja ilikuwa kilo kumi na nusu, nyingine kilo kumi na nne kasoro. Mkono wa kulia na wa kushoto haikuwahi kubeba mzigo sawa hata siku moja, na mimi nilikuwa nawafundisha wenzangu.

Karibu makosa yote nitakayoyataja humu yanatoka kwenye mzizi huo: kukadiria. Tunakadiria uzito, raundi, usingizi na chakula, halafu mwili ukigoma tunasema kwetu ni ukoo wa watu wembamba.

Maelezo haya ni kwa mtu mzima mwenye afya anayeanza au aliyekwama. Mwenye presha, kisukari, moyo, ngiri, au mjamzito, aanzie kwa daktari.

Hatua ya 1: Pima vyuma vyako

Kama unatumia vyuma vya kujitengenezea, azima mzani, pima kimoja kimoja, kisha andika uzito kwa rangi ubavuni. Pima na bomba lenyewe. Kwenye jimu za kisasa lile bomba refu la kawaida huwa kilo 20, na wengi hawalihesabu: mtu anasema anasukuma kilo 40 kumbe ni 60, akihamia jimu nyingine anajipakia mzigo usio wake.

Upande mmoja ukizidi, funga kifuko cha mchanga kwa utepe upande mwepesi hadi mzani ukubali. Huna vyuma kabisa? Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 pamoja na uzito wa dumu lenyewe. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, kama kilo moja na nusu kwa lita. Kagua pia zege lililopasuka. Kipande kikidondoka bomba likiwa juu ya uso wako hutapata nafasi ya pili ya kukagua.

Na ukiwa peke yako, umelala kwenye benchi ukisukuma bomba, usifunge vibano vya kuzuia vyuma visichomoke. Chuma kikikushinda, unakiinamisha upande mmoja, vyuma vinateleza chini, unatoka. Mwenye mtu wa kumsimamia afunge bila wasiwasi.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Daftari la mwanafunzi linatosha. Simu nayo inafaa, ila ukishaishika utajikuta unajibu meseji. Kila siku ya mazoezi andika tarehe, zoezi, uzito, umepiga mara ngapi katika kila raundi (yaani mfululizo mmoja kabla ya kupumzika), na ungeweza kupiga mara ngapi zaidi kabla ya kushindwa. Hilo la mwisho watu huliruka, nalo ndilo lenye siri. Raundi ikiisha na unahisi ungeweza kuongeza kumi nyingine, ulikuwa unapasha moto tu. Ikiisha kwa kulia na kujinyonganyonga kila mara, utachoka kabla ya kukua. Lenga kubakiza moja hadi tatu.

Hatua ya 3: Mazoezi machache, miguu ikiwemo

Jumatatu nenda jimu yoyote ya mjini, utakuta foleni ya benchi. Kifua Jumatatu, mikono Jumatano, kifua tena Ijumaa. Baada ya mwaka kijana ana kifua cha baunsa juu ya miguu ya korongo, mabega yamesogea mbele kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka.

Mwili unahitaji mienendo sita tu, na kila moja ina njia ya mtaani:

Kuchuchumaa, chuma kikiwa mabegani au dumu limekumbatiwa kifuani. Kunyanyua mzigo toka chini. Kusukuma mbele, yaani benchi au pushapu. Kuvuta kuja tumboni ukiwa umeinama. Kusukuma juu ya kichwa. Kujivuta kwenye bomba au tawi imara.

Piga mwili mzima siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Kila msuli uguswe angalau mara mbili kwa wiki. Kuupiga siku moja mpaka ushindwe kuvaa shati kisha kuusahau siku sita ni hasara. Kwa anayeanza, raundi sita hadi kumi kwa wiki kwa kila kundi la misuli zinatosha. Mazoezi ya tumbo weka mwisho, raundi mbili, basi. Hayatakata kitambi: mafuta hayachomwi pale unapopatesa, hupungua mwili mzima kwa mpangilio wake wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho kutii.

Ile desturi ya "mara kumi, raundi tatu" ina historia. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa magoti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1945 akachapisha njia yake ya kuwapa uzito unaoongezeka kadiri wanavyopata nguvu. Watu wakaichukua ile kumi, wakaacha kuongeza. Kumi si namba ya baraka. Ukipiga mara tano au ishirini misuli hukua pia, mradi umefika karibu na kushindwa.

Akina dada mnaoogopa kuota mabega ya kiume: homoni inayojenga miili ile, wanaume wanayo zaidi ya mara kumi ya mliyo nayo. Hamtalala wanawake mkaamka mabaunsa. Nyanyueni mizigo ya kweli, zile dambeli za kilo moja wekeni mlangoni zizuie upepo.

Hatua ya 4: Mwendo sahihi kabla ya mzigo

Hapa kaa wiki mbili nzima, hata kama wenzako wanakucheka.

Kuchuchumaa kunajifunzwa kwa stuli. Iweke nyuma yako, simama miguu ikiwa upana wa mabega, vidole vimeelekea nje kidogo. Sukuma makalio nyuma na chini hadi yaiguse stuli, usikae, simama. Visigino visiachane na sakafu. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasigongane. Ukimudu mara 15 bila kuyumba, tafuta stuli fupi zaidi, kisha kigoda cha mbuzi kama mama hajakuona. Wengi wetu tumelelewa kuchuchumaa chooni na kwenye moto wa mkaa. Kina hicho tunacho, tumekipoteza kwa viti vya ofisini.

Kunyanyua toka chini ndiko kunakovunja migongo. Kosa ni kupinda uti wa mgongo kama ndoano na kulivuta bomba likiwa mbali na miguu. Bomba likae juu ya fundo la kamba za viatu. Shuka kwa nyonga, kifua wazi, jaza pumzi tumboni, kaza tumbo kama unasubiri ngumi, kisha sukuma ardhi kwa miguu. Bomba lipande likisugua mapaja. Mwenye presha ya juu asibane pumzi hivyo, kwa sababu kubana kunaipandisha ghafla. Atoe pumzi anaponyanyua na atumie mizigo myepesi.

Simamisha simu kwenye tofali ujirekodi ukiwa ubavuni. Mimi niliamini nashuka hadi chini; video ikanionyesha nainama nusu tu, kama mtu anayemsalimia mjomba. Chuma unachokishusha nusu, kirudishe, chukua chepesi, shuka kamili, tena taratibu kwa sekunde mbili au tatu. Kukiachia kidondoke ni kutupa nusu ya zoezi.

Hatua ya 5: Ongeza, lakini kwa utaratibu

Chukua uzito unaoweza kuupiga mara 8 kwa raundi tatu ukibakiza mbili. Kila siku ya zoezi hilo jaribu kuongeza hata mara moja tu kwenye raundi mojawapo. Ukifika 12 kwa raundi zote tatu, ongeza kilo 2.5, urudi 8, uanze kupanda tena. Kwenye mazoezi ya miguu unaweza kuongeza kilo 5. Huna vyuma vidogo? Chupa mbili za maji za lita moja, moja kila upande, ni kilo mbili.

Ukikwama wiki tatu mfululizo, kabla ya kubadili programu angalia usingizi na sahani. Vikiwa sawa, punguza mzigo kwa asilimia kumi, piga wiki moja kirahisi, kisha panda tena. Wanaobadili programu kila wakiona video mpya hubaki palepale, maana kila mpya inawarudisha darasa la kwanza.

Hatua ya 6: Pumzika

Kati ya raundi nzito, dakika mbili hadi tatu. Kukimbizana bila kupumzika kunakutoa jasho tu, na jasho si mafuta. Wale wanaokimbia na koti la mvua saa nane mchana, zile kilo wanazopoteza ni maji, watazinywa zote kabla ya magharibi, kama joto halijawaangusha kwanza. Usiku lala kwa muda wa saa saba au nane.

Hatua ya 7: Hesabu protini, acha mayai mabichi

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa sababu sahani yetu inadanganya macho. Mlima wa ugali, kipande cha samaki kama kiberiti, mchuzi mwingi. Umeshiba, lakini msuli haukupata cha kujengea.

Anayenyanyua vyuma apate gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kilo 70 ni gramu 112. Kilo 60 ni 96. Namba hiyo inatisha hadi ukae na sahani ukaihesabu. Siku moja ya mtu wa kilo 70, bila duka la poda:

Asubuhi mayai matatu (gramu 18) na glasi ya maziwa au mtindi (8). Mchana ugali wa dona wa gramu 150 za unga (12), bakuli la maharage yaliyopikwa la gramu 200 (17), na gramu 30 za dagaa wakavu (18). Jioni samaki aliyeiva wa gramu 120 (30) na sahani ya wali (5). Katikati ya siku kiganja cha karanga (7). Jumla 115.

Watazame wale dagaa. Zaidi ya nusu ya uzito wao wakiwa wakavu ni protini, wana madini ya chokaa kwa sababu unawala na mifupa yao, na bado kuna watu wanaona aibu kuwala mbele ya wageni. Kaanga kwa vitunguu na nyanya, kamulia ndimu. Asiyekula vya baharini aongeze maharage, kunde, choroko na soya, apate mayai mengi kidogo. Ugali ukikutana na maharage, kimoja kinajaza pengo la mwenzake, jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa ulimi.

Sasa mayai mabichi. Kila jimu ya mtaani ina kijana anayevunja mayai sita kwenye kikombe, anabana pua, anameza. Watafiti wa Ubelgiji walilipima jambo hili mwaka 1998: protini ya yai lililopikwa ilifyonzwa karibu asilimia 90, ya bichi karibu nusu tu. Kwa hiyo sita mabichi yanakupa kama matatu na kidogo yaliyochemshwa, na unajiongezea hatari ya kuharisha na kutapika. Chemsha. Na usitupe kiini. Karibu asilimia 40 ya protini ya yai imo humo.

Gawanya protini kwenye milo mitatu au minne. Ile hofu kwamba usipokula ndani ya nusu saa baada ya mazoezi umepoteza kila kitu, iache. Mlo wa saa moja au mbili baadaye unatosha.

Hatua ya 8: Nishati, mizani, na Ramadhani

Mwembamba anayetaka kujaza mwili hukosea kwa kula chipsi mayai kila usiku. Atanenepa, lakini kitambi ndicho kitakachotangulia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na chipsi hazipikwi kwa kijiko kimoja. Ongeza kalori kama 300 juu ya mlo wako wa kawaida: uji uliokorogwa na siagi ya karanga, au glasi ya maziwa na ndizi mbili. Anayetaka kupungua naye hukosea kwa kufunga kinywa: chai ya rangi asubuhi, hakuna mchana, na usiku anakula kama aliyetoka jela. Apunguze kalori 300 hadi 500 kwa siku, aanzie kwenye soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Kisha apunguze mafuta ya sufuriani na maandazi, ila protini isishuke na vyuma aendelee kuvinyanyua, la sivyo kinachopungua ni msuli.

Jipime asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, siku tatu kwa wiki, uchukue wastani. Uzito wa siku moja ni umbea. Anayeongeza, gramu 200 hadi 350 kwa wiki kwa mtu wa kilo 70 zinatosha. Anayepungua, gramu 350 hadi 700.

Mwezi wa Ramadhani watu wengi wa Pwani huacha vyuma kabisa, au hupiga saa kumi jioni wakiwa wamekauka. Subiri. Futuru kwa tende na maji, kula, nyanyua baada ya tarawehe. Kasoro ya futari yetu ni kwamba yote ni wanga: mihogo, viazi vitamu, magimbi, kaimati, tambi za sukari. Weka samaki au kuku mezani tangu mwanzo, na daku iwe na mayai au mtindi. Punguza raundi kwa theluthi moja, uzito ubaki uleule. Utafika Idi na nguvu zako zote.

Hatua ya 9: Poda, vidonge na sindano

Poda ya protini ni maziwa yaliyochujwa na kukaushwa. Kijiko chake cha kupimia kinakupa gramu 20 hadi 25 za protini, sawa na mayai manne. Piga hesabu ya bei sokoni na dukani, uchague. Kreatini, unga unaoongeza nguvu za misuli, ndiyo nyongeza iliyochunguzwa kuliko nyingi na inasaidia kweli: gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Vidonge vya "kunenepa" ni balaa. Vinavyouzwa kwa kunong'onezana mara nyingi ni deksamethasoni, ambayo mtaani inaitwa deksa, au dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula. Deksa huvimbisha uso, hulundika mafuta tumboni, hupandisha sukari na presha, na papo hapo huimega misuli na mifupa. Yaani mtu analipa hela ayeyushe kile anachokitafuta. Aliyeitumia kwa muda mrefu asikate ghafla, kwa sababu mwili unaweza kuanguka. Aende hospitali aeleze ukweli, watampunguzia polepole.

Sindano za kujaza mwili, yaani homoni za kiume, zinafanya kazi, sitakudanganya. Bei yake ni korodani kusinyaa, mbegu kukauka, moyo kuharibika. Utamkuta mtu ana miraba minne na anahangaika kwa waganga kutafuta mtoto.

Hatua ya 10: Jua maumivu yanasema nini

Misuli kuuma siku ya pili au ya tatu ni kawaida, na si kipimo cha kazi nzuri. Maumivu makali ndani ya kiungo, ya upande mmoja, au ganzi inayoshuka mguuni, acha zoezi siku hiyo hiyo. Na ukianza kwa pupa, kisha mkojo ukawa rangi ya soda nyeusi huku misuli imevimba, usisubiri kesho: msuli umevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hospitali.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe hivi

Jumatatu. Uzito wa mwili kilo 66.4. Kuchuchumaa na dumu kilo 20: 10, 9, 8, ilibaki mbili. Pushapu: 12, 10, 8, ilibaki moja. Kuvuta kuja tumboni, bomba na gia kilo 24: 10, 10, 9, zilibaki mbili. Kusukuma juu kilo 16: 8, 8, 6, haikubaki. Kujivuta kwenye bomba: 3, 2, 2. Protini kama gramu 80. Jioni hapakuwa na samaki, nikala chapati na chai. Nimelala kwa muda wa saa sita.

Jumatano: kunyanyua toka chini badala ya kuchuchumaa. Kununua dagaa kesho.